Madoa Yaliyoikataa Sabuni

Mwalimu huyu wa udereva wanafunzi wake walimwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka kinywani mara nyingi kuliko yote. Taratibu na klachi. Taratibu kwenye kona. Taratibu, hiyo breki si adui yako. Miaka ilivyokwenda, hata mkewe akazoea kumwita hivyo.

Gari lake la kufundishia lilikuwa dogo, la buluu iliyokoza. Lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Juu ya paa palikuwa na kibao chekundu kilichoandikwa MWANAFUNZI. Taratibu alilipenda gari hilo. Kila siku saa sita mchana, baada ya masomo ya asubuhi, alilirudisha nyumbani na kuliosha yeye mwenyewe.

Miezi mitatu nyuma, yeye na mkewe walikuwa wamehamia nyumba ya kona, pembezoni mwa mji. Nyumba ilikuwa na kisima kirefu na pampu. Kule walikotoka walikuwa wakingoja maji ya bomba siku mbili, tatu. Hapa ukibonyeza swichi, maji yanakuja. Taratibu alifurahi kama mtoto. Alivuta mpira wa maji mpaka uani, akalimwagia gari maji juu mpaka chini, akasugua kwa sabuni ya kipande, akasuuza. Kisha akaliacha juani.

"Hulifuti?" mkewe aliuliza siku ya kwanza. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa karibu na dirisha la uani.

"Nilifute kwa nini? Jua lote hili!" Taratibu alijibu. "Jua ni taulo la bure."

Wiki ya pili, madoa yakaanza. Yalikuwa meupe, ya mviringo, kama mtu amelinyunyizia gari maziwa. Taratibu akaongeza sabuni. Madoa yakazidi. Akabadilisha sabuni. Madoa hayakujali. Siku moja akashika waya wa kusugulia masufuria, akaukandamiza kwenye boneti kwa hasira.

Mkewe alisikia sauti ile, akasimamisha cherehani. "Taratibu! Unaosha gari au unaosha sufuria la ugali?"

Akaacha. Lakini tayari alikuwa ameharibu. Doa lilikuwa palepale, na kando yake mistari myembamba kama makucha ya paka.

"Hata mimi sabuni inanishinda humu ndani," mkewe alisema. "Nafua, povu halitoki. Birika lina ukoko mweupe ndani. Na nywele zangu zimekuwa kama ufagio."

"Sabuni za siku hizi ni feki," alisema Taratibu. Wakaishia hapo.

Doa la kwenye rangi ni aibu tu. Doa la kwenye kioo ni jambo jingine, na hilo Taratibu alikuja kulijua siku ya mkunga.

Mkunga alikuwa mama wa makamo, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza chumba. Zahanati yake ilikuwa imepata gari, lakini dereva hakuna. Akaamua kujifunza mwenyewe. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote mwaka ule. Mikono yake haikutetemeka, na alisikiliza.

Jioni ile walikuwa wakielekea magharibi kwenye barabara ya soko. Jua lilikuwa limeshuka, limewakabili usoni. Walipopita kivuli cha jengo la mwisho, mwanga ukapiga kioo cha mbele. Ghafla kioo kizima kikawa cheupe, kama kimetandikwa shuka.

"Sioni!" mkunga alipiga kelele.

"Taratibu. Rusha maji, washa waipa!"

Akarusha maji. Waipa zikayasambaza, zikaacha michirizi mipana ya weupe. Sasa ndiyo kabisa. Taratibu aliona kivuli cha kitu kirefu kikikatiza mbele yao. Hakufikiri. Akakanyaga breki yake kwa nguvu zote. Gari likalia, likasimama.

Mbele ya bampa, hatua moja tu, baiskeli ilikuwa imelala chini. Mashuka meupe yalikuwa yametapakaa barabarani. Na katikati ya mashuka alisimama mama mmoja mwembamba, mikono kiunoni, mzima.

Taratibu alishuka mbio. "Mama, umeumia?"

"Sijaumia. Niliitupa baiskeli, nikaruka. Bado naruka, kumbe!"

Taratibu alimtambua. Alikuwa dobi wa mtaa wao, nyumba ya nne kutoka kwake. Watu walimwita Mama Povu. Taratibu alikuwa akimsalimia kila siku kwa kumpungia mkono tu.

Mkunga alishuka upande wa pili. Uso wake ulikuwa umebadilika. Aliweka ufunguo juu ya boneti polepole.

"Mwalimu, mimi kazi yangu ni kuwaleta watu duniani," alisema. "Sitaki kuwatoa. Udereva basi." Akaondoka kwa miguu, na hakugeuka nyuma.

Taratibu akainama kuokota mashuka. Alingoja matusi. Alijua anayastahili. Lakini Mama Povu hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akikitazama kioo. Alipitisha kidole, akakwaruza kwa ukucha, akautazama ukucha wake kwenye mwanga.

"Wewe ndiye uliyehamia nyumba ya kona? Yenye kisima?"

"Ndiyo, mama."

"Na tangi dogo la maji ya waipa, unalijaza maji hayohayo?"

"Ndiyo."

"Basi gari lako halina uchafu, mwanangu. Lina mawe."

Taratibu alidhani mshtuko umemchanganya. Akambebea mashuka mpaka kwake, akaomba radhi mara tano, akarudi nyumbani. Alimsimulia mkewe yote.

"Alisema mawe?" mkewe aliuliza.

"Mawe."

"Mama yule anafua mashuka ya zahanati miaka ishirini na yako meupe vilevile. Akisema mawe, kesho tunakwenda kumuuliza ni mawe gani."

Asubuhi wakaenda, na chupa ya maji ya kisima chao mkononi. Taratibu hakuwahi kuingia uani kwa Mama Povu. Alisimama mlangoni akatazama. Kamba nane zilikuwa zimevutwa sambamba kama mistari ya daftari. Mashati yalitundikwa yote yakitazama upande mmoja. Chini ya paa kulikuwa na mapipa matatu yenye vifuniko, na mfereji wa bati ukiingia katika la kwanza. Hapakuwa na kitu kilichokaa ovyo, hata kibanio kimoja cha nguo.

"Shikamoo, mama," walisema.

"Marahaba, majirani. Karibuni. Angalieni vichwa, hayo mashati ya daktari yana maringo."

Ndani, Taratibu aliona ukuta uliompa mshangao. Ulikuwa umeandikwa kwa mkaa, toka juu hadi chini. Kisima cha shule: ishirini na mawili. Bomba la soko: tisa. Kisima cha kinyozi: kumi na saba. Mvua: matatu. Na chini kabisa, Nyumba ya kona: thelathini na moja.

"Hii ni nini, mama?" aliuliza.

Mama Povu alikaa kwenye kigoda. "Nilipoanza kazi, nilikuwa nafua kwa maji ya kisima chochote. Mashuka yakawa ya kijivu. Yakawa magumu, unaweza kuyasimamisha ukutani. Wateja wakanikimbia. Nilidhani ni mikono yangu. Nikasugua mpaka ngozi ikatoka."

Taratibu akatazama chini. Alikumbuka waya wa masufuria.

"Kisha siku moja mvua ikanyesha, nikafua kwa maji ya paa. Povu likajaa beseni! Sabuni ileile, mikono ileile. Nikasema, kumbe shida ni maji. Nikachukua chupa, nikazunguka mtaa mzima, nikiomba maji kila kisima. Watu walinicheka. Niliyeyusha sabuni, nikawa natia tone, natikisa, natia tone, natikisa, mpaka povu likae lisipotee. Nikahesabu matone. Ndiyo hayo ukutani."

"Ulifundishwa na nani?" mke wa Taratibu aliuliza.

"Na mashuka."

Taratibu alikuwa amefundisha udereva miaka kumi na minane na kujiona mtu wa kujua mambo. Mbele yake alikaa mama ambaye hakumaliza darasa la tano, na alikuwa amepima maji ya mtaa mzima kwa chupa na sabuni.

Mama Povu alileta chupa mbili za kioo. Moja akaijaza maji ya pipa, nyingine maji waliyokuja nayo kutoka kisimani kwao. Akatia matone matano ya sabuni katika kila chupa, akampa Taratibu.

"Tikisa."

Akatikisa. Chupa ya mvua ikajaa povu jeupe mpaka shingoni. Ya kisima haikutoa povu. Maji yalibadilika kuwa kama ya mchele, na utando ukaelea juu.

"Maji ya mvua ni laini," alisema Mama Povu. "Ya kisima chenu ni magumu. Yakiwa huko chini yanapita kwenye mawe, yanayayeyusha kidogokidogo, yanakuja nayo. Wataalamu huyaita madini, kalsiamu na magnesi. Huyaoni, lakini yamo. Sabuni ikiingia, inashikana nayo kwanza. Ndiyo huo utando. Povu litatoka wapi?"

"Na madoa?" Taratibu aliuliza.

"Ukimwaga maji juu ya gari, jua linakunywa maji tu. Mawe haliyanywi. Yanabaki. Kesho unaongeza mengine juu yake. Na bati la gari likiwa la moto, yanaganda upesi zaidi."

Mkewe alimgeukia. "Taulo la bure," alisema, na Taratibu akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Kwa hiyo maji haya ni mabaya kwa kunywa?" mkewe aliuliza tena.

"Ugumu peke yake haumdhuru mtu mwenye afya. Lakini kama kisima kina vijidudu, hilo sabuni yangu haijui. Watu wa afya ndio wa kupima. Mimi najua nguo, na sasa naona najua na magari."

"Tukiyachemsha je, yatakuwa laini?" Taratibu aliuliza.

"Yatapungua ugumu kidogo. Ule ukoko wa birika ndio mawe yaliyotoka. Lakini si yote yanayotoka, na utachemsha ndoo ngapi za kuosha gari?"

Mchana ule Mama Povu alikuja nyumba ya kona na ndoo mbili za maji ya mvua, chupa ya siki nyeupe na vitambaa laini. Kitu cha kwanza alichofanya ni kusukuma gari. Alilisukuma yeye na Taratibu mpaka kivulini, nyuma ya nyumba. Kisha akaweka kiganja juu ya boneti.

"Bado la moto. Tungoje."

Wakangoja. Bati lilipopoa, akachanganya siki na maji ya mvua, nusu kwa nusu. Hakuanza na boneti. Alianza sehemu iliyojificha, chini ya mlango wa nyuma.

"Kwa nini huko?" Taratibu aliuliza.

"Kama rangi yako haipendi siki, tujue mahali ambapo hakuna anayeangalia. Na jambo moja, sikieni vizuri. Siki msiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Inatoa hewa ya sumu. Dobi mwenzangu alizimia chooni kwake kwa kosa hilo."

Rangi haikudhurika. Akalowesha kitambaa, akakilaza juu ya kioo cha mbele. Hakusugua. "Hesabu mpaka sitini," alisema. Taratibu akahesabu kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika sitini, Mama Povu alifuta kwa mkono mwepesi, akasuuza kwa maji ya mvua kabla siki haijakauka, akakausha kwa kitambaa kingine.

Taratibu aliinama kutazama. Aliuona uso wake kwenye kioo. Nyuma ya uso wake aliona usukani, kiti, na mshono uliolegea kwenye kiti. Miezi mitatu hakuwa ameuona mshono huo kutoka nje.

"Loo!" alisema.

Alikuwa akiitazama mikono ile. Ilikuwa mikavu, yenye mikunjo, na kucha zimekatwa fupi. Haikuharakisha. Kila mahali ilipopita, kioo kilibaki wazi. Maisha yake yote yeye ndiye aliyewaambia watu taratibu, na sasa aliona maana yake.

Walifanya sehemu kwa sehemu. Kioo, mlango, paa. Kwenye boneti madoa mengi yalitoka, lakini machache yalikataa, na ile mistari ya waya ilibaki. Hapo Mama Povu hakutia siki.

"Haya ni makovu," alisema. "Madoa yaliyokaa sana hula rangi, na mistari ni ya kwako mwenyewe. Nenda kwa fundi rangi. Mimi siwezi kukudanganya."

Kisha akawafundisha kuosha kwa kila siku. Ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, nyingine ya kusuuzia sponji, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Unaanza juu, unashuka, na magurudumu yanakuwa ya mwisho, yenye kitambaa chao. Unaosha kipande kimoja, unasuuza, unakausha, ndipo uende kipande kingine.

"Na mvua zikikatika?" Taratibu aliuliza. "Ndoo mbili hizi zitaisha."

"Osha kwa maji ya kisima, hayana neno. Maji ya mvua yaweke ya kusuuzia mwisho, nusu ndoo inatosha. Na yakiisha hata hayo, kausha mara moja kwa kitambaa laini. Shika hili moja ukisahau yote: maji yasikaukie kwenye gari."

Jumapili iliyofuata Taratibu na mkewe walifunga mfereji kwenye paa lao. Chini yake wakaweka pipa. Mkewe alishona kifuniko cha chandarua, mbu wasizaliane humo, na kichujio cha kitambaa cha kuzuia takataka. Mvua ya kwanza waliiacha ipite, ioshe vumbi la paa. Ya pili wakaikinga. Tangi la maji ya waipa Taratibu alilimwaga, akalisuuza, akalijaza maji laini. Mkewe aliosha nywele zake kwa maji yaleyale, akazunguka nyumba siku nzima akijigusa kichwa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo siki haikuweza kulifuta. Jumatatu Taratibu alikwenda zahanati. Alimkuta mkunga akipanga glovu kwenye kabati.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema.

"Wewe? Mimi ndiye niliyetaka kuua mtu."

"Hapana. Macho yako yalikuwa mazima. Kioo changu ndicho kilichokuwa kipofu, na ni mimi niliyekipofusha kwa kutojua. Nikakuweka nyuma ya kioo hicho nikakwambia endesha. Kosa ni langu."

Mkunga aliacha glovu. Si kila siku mwalimu huja kwa mwanafunzi kusema vile.

"Na sasa kioo kikoje?"

"Njoo ukione. Barabara ileile, saa ileile. Ukiona hata utando mmoja, shuka, sitakufuata tena."

Alikuja. Aliingia garini bila mzaha, akafunga mkanda. Safari hii alikagua vioo mara tatu, na Taratibu alijifanya hajaona. Wakapita soko. Wakafika jengo la mwisho. Jua likawapiga usoni.

Mkunga akavuta pumzi. Akashusha kibamba cha kukinga jua. Halafu akaanza kusema, polepole, kama anasoma.

"Namwona mwanamke mwenye mwavuli. Naona shimo kushoto. Naona ndege kwenye waya, wanne." Sauti yake ilikuwa inarudi kujaza gari. "Mwalimu, nawaona mpaka ndege!"

"Taratibu," alisema Taratibu, akageukia dirishani, maana macho yake yalikuwa yamelowa.

Mwezi uliofuata mkunga alifaulu mtihani mara ya kwanza. Wiki hiyohiyo alimpeleka hospitali kubwa mama aliyekuwa na uchungu wa siku mbili, akamrudisha na mapacha. Gari la zahanati analiosha kivulini, na analikausha mwenyewe.

Siku hizi, anayejiandikisha kwa Taratibu haanzi na usukani. Anapelekwa kwanza kwenye ua wenye kamba nane. Juzi alikuja fundi seremala, mtu mnene, mwenye haraka zake. Akapewa chupa mbili na kuambiwa atikise.

"Samahani," alimnong'oneza Taratibu, "mimi nimekuja kujifunza gari. Huyu mama ni nani?"

"Huyo ndiye mwalimu," Taratibu alisema. "Mimi ni wa klachi tu."

Seremala akamtazama Mama Povu, akatazama ukuta wenye hesabu za mkaa. Akavua kofia yake.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, akaanza kutikisa.